Barza ya Mwalimu: Siku Mbili Unguja, na Bakuli la Mama Mdogo



Mwezi huu sikusudii kuandika juu ya masuala ya udhu wala ya mirathi, kama ilivyo ada ya barza hii. Nataka kukusimulieni khabari za safari fupi niliyoifanya pamoja na watu wa nyumbani kwangu, kutoka hapa Temeke mpaka Unguja, tukalala usiku mmoja tu kisha tukarejea. Nayasimulia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, safari ina faida, na ningependa kila nyumba yenye uwezo iijaribu. Ya pili, mimi mwenyewe katika safari hiyo nilikosea jambo, nami naona si haki kwa mwalimu kuwafundisha watu yale aliyoyapatia tu, na yale aliyoyakosa akayaficha.

Jambo lilianza kwa binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 16. Jioni moja alinionyesha katika simu picha za mji wa Venice, ulioko Italia, mji uliojengwa juu ya maji, wenye vichochoro vyembamba na majumba ya kale, na wageni wamekaa kandokando wakila na kunywa. Akaniuliza, "Baba, sisi tutakwenda lini mahali kama hapa?" Nikacheka, nikamwambia, "Mwanangu, wewe hujauona hata mji wenye vichochoro ulio ng'ambo ya maji haya tunayoyaona kila siku Kivukoni." Akanyamaza. Nami nikafikiri, nikaona nimejitia katika deni kwa ulimi wangu mwenyewe. Basi tokea siku hiyo tukaanza kutia akiba kidogo kidogo katika kopo, mpaka zikatimia nauli za watu wanne: mimi, mke wangu, binti yetu, na mjukuu wetu wa kiume mwenye miaka 9.

Yasidhaniwe kwamba kutembea kwa ajili ya kuona ni upuuzi. Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake ametuhimiza si mara moja kwenda katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Wala kutaja chakula katika khabari za safari si ulafi. Ibn Battuta, aliyefika pwani yetu mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa, hakuona haya kuandika namna alivyolishwa huko Mogadishu: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Leo sisi tunawajua watu wale kwa misikiti yao, na tunawajua pia kwa sahani zao.

Tuliondoka Jumamosi kwa meli ya asubuhi. Bahari ilikuwa shwari, na kwa muda wa saa mbili hivi tukaiona Unguja. Kutoka bandarini tukaenda kuweka mizigo katika nyumba ya wageni, na adhuhuri tukasali katika Msikiti wa Malindi, hatua chache kutoka gatini, wenye mnara mweupe wa namna isiyopatikana kwingi katika pwani hii. Kisha tukapatana na kijana mmoja mwenye kuongoza wageni, atutembeze Mji Mkongwe, mji ambao mwaka 2000 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Tukaiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno. Tukaiona Beit el Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, nayo ndiyo nyumba ya kwanza kisiwani kuwashwa taa za umeme. Nyumba hiyo iliponea mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia hata saa moja, kasri ya jirani yake ikavunjwa nayo ikabaki imesimama. Walakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka yenyewe kwa uchakavu, na watu wawili wakafa. Sisi tuliikuta imezungukwa na uzio wa mafundi. Mke wangu akaniambia, "Baba, miaka ishirini unaniahidi kunileta kuiona nyumba hii, na leo nimeletwa kuona uzio." Sikuwa na jawabu.

Kwa Sayyid Barghash huyo huyo kuna funzo kwa wasafiri. Mwaka 1875 alikwenda London, akaona mengi, na katika mambo anayokumbukwa nayo mpaka leo ni kuwaletea watu wa mjini maji safi kwa mifereji. Safari njema ni ile ambayo wasiosafiri nao wakaonja faida yake.

Tulitazama milango ya mbao iliyochongwa minyororo, samaki na maua, na mingine juu yake imeandikwa aya. Nje ya nyumba tulikuta barza za mawe, ambazo mjenzi hakuziweka kwa pambo. Alikusudia mgeni akae na jirani azungumze. Tulipita Ukutani, mtaa wenye khabari za elimu, maana huko alisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 1925, na wanafunzi wake wakatawanyika pwani nzima. Nikasimama kidogo nikawasomea Fatiha masheikh wetu, tukaendelea. Ukumbukeni mtaa huo, wasomaji wangu, kwani nitaurudia.

Usiku tulikwenda Forodhani, bustani iliyo mbele ya bahari, ambapo wauzaji hupanga meza zao kila jua likichwa. Pweza wa kuchoma, mishikaki, mkate wa ufuta, maji ya miwa yaliyotiwa tangawizi na ndimu, na chapati nyembamba wanazozijaza nyama na mayai wakazikunja na kuzikaanga. Hapo nilifanya kosa dogo: mjukuu wangu alichukua mishikaki, nami sikuuliza bei mpaka alipokwisha kula, basi nikalipa zaidi ya nilivyotazamia. Sina wa kumlaumu. Biashara ni mapatano, na mapatano ni kabla ya kula.

Jumapili asubuhi tulikwenda Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Waingereza walimshurutisha Sayyid Barghash kuutia saini. Leo pana kanisa la Anglikana, na nje yake zipo sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Binti yangu alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, waliokuwa wakiwauza hawa, walikuwa wakisali?" Nikamjibu, "Walikuwamo wenye kusali." Ningeweza kumpa jawabu refu la kujitetea, lakini mtoto aliuliza kweli, na kweli ndiyo haki yake. Nikamwongezea kwamba sala isiyomzuia mtu na dhuluma itakuja kumdai mwenyewe.

Kutoka hapo tukaenda soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, tukanunua karafuu, iliki na mdalasini. Kwa kuwa saa tano ilikwisha kufika na watoto wakalalamika njaa, tukakaa mahali tukala urojo: bakuli la mchuzi mzito wa unga na embe, wenye uchachu, ndani yake bajia, viazi, vipande vya nyama na chipsi za muhogo zilizosagikasagika. Mjukuu alikula mabakuli mawili. Mimi nilikula moja, kisha nikaongeza.

Hapa ndipo linapoanza kosa langu.

Ninaye mama mdogo Unguja, dada wa marehemu mama yangu, mwanamke mzee aliyekwisha pita miaka themanini, anayekaa Miembeni, upande wa Ng'ambo. Tangu tumzike mama yangu, miaka kumi na moja iliyopita, sikuwa nimetia mguu katika nyumba yake. Kila Idi nilimpigia simu, nikaona simu inatosha. Hata safari hii nilimpigia Ijumaa, nikamwambia, "Mama, tutapita kukuona Jumapili kabla ya kupanda meli." Katika karatasi yangu ya ratiba, yeye nilikuwa nimemwandika wa mwisho, baada ya ngome, majumba, bustani na soko.

Tulifika kwake saa saba mchana. Tukamkuta amekaa mlangoni, amejifunga kanga mpya, na kwa namna alivyokaa nilitambua kwamba amekaa hapo muda mrefu. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mama," watoto wakambusu mkono, akatuingiza ndani. Mkeka ulikuwa umetandikwa tayari. Juu yake pana sinia la boko boko, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, na mkate wa kumimina. Jirani aliyekuwapo akasema kwa furaha, "Bibi hajalala tangu saa tisa ya usiku, anaponda ngano." Mwenye kuijua boko boko anajua kazi yake: ngano na nyama hupikwa mpaka zilainike, kisha hupondwa na kupondwa mpaka ziwe kitu kimoja. Na mikono ya mama huyu hutetemeka.

Tukanawa, tukasema Bismillahi. Mjukuu wangu alikula tonge mbili akasita. Binti yangu alijitahidi. Mimi nilitia tonge mdomoni, na kila nililolimeza lilipita kwa shida, kwani tumbo lilikuwa limejaa urojo wa Darajani. Mama mdogo alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mmekwisha kula kwa watu." Hakukasirika. Laiti angalikasirika!

Baadaye akaniuliza, "Mlilala wapi jana?" Nikamwambia. Akasema, "Chumba kile cha uani nilikifagia." Kisha akaniuliza tulikotembea, nami nikamhesabia, mpaka nilipotaja Ukutani. Uso wake ukachangamka. Akasema, "Kumbe mliuona mlango wa nyumba tuliyosomea chuo mimi na mama yako? Hapo ndipo alipokhitimu, na siku ile tulipikiwa visheti." Nikamwambia hatukuuona, kwani hatukuujua. Akasema, "Nilikuwa nimeazimia nikupelekeni leo, nikiegemea bega la huyu mtoto. Lakini saa zenu zimekwisha."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimemlipa kijana wa watu anionyeshe nyumba za masultani, na nikapita mbele ya mlango ambao mama yangu aliuingia kila asubuhi amebeba juzuu yake, nami sikugeuza shingo. Hakuna kiongozi wa wageni aujuaye mlango ule. Aujuaye ni mmoja, naye nilimwandika mwisho wa karatasi.

Wakati wa kuondoka alikijaza chakula kile katika bakuli kubwa la kaure lenye maua ya buluu, akalifunga kwa kitambaa, akampa mjukuu alibebe. Melini, jua lilipokuwa linakuchwa, mtoto alifungua akala, na sote tukala. Ilikuwa imekwisha poa, na ilikuwa tamu kuliko vyote tulivyovinunua.

Basi kwa mwenye kutaka kusafiri na watu wake, na hasa kwa vijana, nasia yangu ni hii. Wekeni akiba mapema wala msikope kwa ajili ya matembezi. Ulizeni bei kabla ya kula. Sala zenu zipangieni nafasi, msiziache zikawa za kukimbizana na meli. Mkifika penye khabari mbaya ya waliotutangulia, msiwakwepeshe watoto macho. Na juu ya yote, mkienda mji wenye jamaa yenu, anzieni kwake, tena kwa njaa. Yeye ndiye atakayekuonyesheni kile kisichoandikwa penginepo, na kuunga udugu ni wajibu, ilhali kuona majumba ni ziada. Beit el Ajaib mafundi wanaisimamisha tena, na huenda mke wangu akaiona. Lakini mzee aliyepita miaka themanini hana fundi.

Bakuli lile mpaka sasa liko nyumbani kwangu, juu ya kabati, na kila nikipita naliona. Kwetu sisi bakuli la mtu halirudishwi tupu. Mke wangu amekwisha nunua mchele na nazi, na madrasa itakapofungwa mwisho wa mwezi, Inshaallah, tutavuka tena. Safari hii hatutachukua kiongozi wala chumba cha kukodi. Tutatoka bandarini moja kwa moja mpaka Miembeni, na tukishapumzika tutakwenda Ukutani polepole, kwa mwendo wa mtu mzima, nikauone mlango huo.

Tuombeeni tumkute salama. Nasi tunakuombeeni nyote, Mwenyezi Mungu awape afya wazazi wenu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin. Wassalaamu alaykum.