Forodhani Haina Ubeti

Jioni moja ya kusi niliketi juu ya ukuta wa Forodhani, Unguja. Vijana wakijirusha baharini, moshi wa mishikaki ukipanda, mashine ya miwa ikilia. Hakuna bustani ya pwani niipendayo kuliko hii. Hata hivyo niliondoka na fundo moyoni.

Bustani hii iliandaliwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Mwaka 1956 likajengwa tao kwa ziara ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati wa taasisi ya Aga Khan. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ninachouliza ni kimoja: mtunzi yuko wapi? Nilizunguka bustani nzima, sikuona hata ubeti mmoja uliochongwa.

Huambiwa kwamba sanaa ya hadharani ni sanamu, nasi si watu wa sanamu. Haya, na iwe hivyo. Sanaa yetu ya hadharani ni neno. Vizingiti vya Mji Mkongwe vimechongwa aya na tarehe. Kanga hupita njiani na jina lake, mtaa mzima ukasoma, na aliyekusudiwa akajijua. Walioandika juu ya mbao na nguo watashindwaje na jiwe?

Wengine husema mtalii hajui Kiswahili. Kwani Kiarabu cha mlangoni anakijua? Mbona hukipiga picha? Zaidi ya hayo, bustani ni ya mtoto wa Ng'ambo kabla ya kuwa ya mtalii. Nani atamwambia kuwa Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alirekodiwa santuri Bombay mwaka 1928? Au kwamba Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki 2021, alikuwa mvuvi kabla ya kuitwa bingwa wa ushairi?

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, hatua chache kutoka hapo. Jengo huweza kusimamishwa tena kwa kufuata picha zake. Ubeti uliokufa kichwani mwa mzee hauna picha.

Basi kila mwaka uchongwe ubeti mmoja katika ukuta unaotazama bahari, pamoja na jina la mtunzi, pasipo jina la mfadhili. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikwisha kuja, na tao lake lingalipo. Mwenyeji bado hajapona.