Turuhusiwe Kunywa Maji Darasani

Bwana Mhariri, wenzangu hupenda kuandika juu ya michezo na safari. Mimi naomba nafasi niseme juu ya maji ya kunywa, kwani kwa kuyadharau nimepata adhabu ambayo sitaisahau.

Muhula uliopita, usiku wa manane, nilishikwa na maumivu ya ubavu yakiteremka mpaka kinenani. Nililia mbele ya bweni zima bila haya. Mmoja alisema ni ngiri, mwingine akasema nimelogwa. Kulipokucha nilipelekwa hospitali. Mkojo ulipimwa ukaonekana una damu, nikapigwa picha, na ndani ya mrija utokao kwenye figo kwenda kibofuni likaonekana jiwe la milimita 4. Nilipewa dawa ya kutuliza maumivu, nikaamriwa kunywa maji kwa wingi na kukojoa juu ya chujio. Siku ya tano jiwe likatoka. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele!

Maradhi haya si mageni, wala si ya watu wachache. Katika kaburi la kale huko Misri lilikutwa jiwe la kibofu la mtu aliyezikwa zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Marekani, hesabu za miaka ya 2007 hadi 2010 zilionyesha kuwa karibu mtu 1 katika kila 11 amewahi kupata jiwe. Katika nchi za joto hatari ni kubwa, maana jasho hutupunguzia maji mwilini, mkojo ukawa mzito, na chumvi zilizomo zikagandana, kama chumvi ya bahari ibakiavyo ufukoni maji yakikauka.

Zamani dawa ilikuwa kisu. Mwingereza Samuel Pepys alipasuliwa mwaka 1658 akatolewa jiwe la kibofu, naye yu macho, kwa kuwa dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Siku hizi mawe madogo mengi hutoka yenyewe. Yaliyo makubwa huvunjwa kwa mawimbi yapitayo mwilini bila kisu, kazi iliyoanzia Ujerumani mwaka 1980. Au daktari hupitisha mrija mwembamba katika njia ya mkojo akalivunja jiwe kwa leza. Yaliyo makubwa zaidi hutolewa kwa tundu dogo mgongoni. Lakini mitambo hiyo haipo katika kila hospitali, na gharama yake si ndogo kwa mzazi.

Tena, mgonjwa wa namna hii akipata homa, apelekwe hospitali upesi, kwani figo iliyozibwa na kuingiwa na vijidudu yaweza kumwua mtu. Na damu katika mkojo yaweza kuwa ni kichocho pia. Basi tusibahatishe, tupimwe.

Sasa nafika kwenye shauri langu. Daktari aliniambia kuwa karibu nusu ya waliopata jiwe hupata jingine katika miaka 10 wasipojilinda, na kinga kubwa ni maji mengi na chumvi kidogo. Lakini kwetu chupa ya maji hairuhusiwi darasani, na wengi wetu twakaa na kiu makusudi kwa kuogopa vyoo vichafu.

Wako wasemao kuwa tukinywa maji tutatoka nje kila saa na masomo yataharibika. Nakiri kuwa wapo wavivu watakaofanya hivyo, na hao waadhibiwe. Lakini mimi nilipoteza vipindi vya wiki nzima kwa jiwe moja. Je, dakika mbili za kwenda msalani ndizo hasara kubwa?

Kwa hiyo namwomba Mwalimu Mkuu aruhusu chupa za maji, na sisi wanafunzi tuvisafishe vyoo vyetu bila kungoja kusukumwa. Nanyi wazazi, mnapotununulia madaftari, msisahau chupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha 3