Pink Floyd na Shutuma ya Usaliti

Wako wahakiki ambao huipenda bendi mpaka siku watu wengi watakapoipenda. Siku hiyo hukunja jamvi na kutangaza kuwa sanaa imeuzwa. Hukumu ya namna hii imekuwa ikipitishwa juu ya Pink Floyd wa Uingereza kwa muda wa miaka 50 na zaidi: kwamba walikuwa watafiti wa sauti mjini London, kisha mwaka 1973 wakatoa The Dark Side of the Moon wakawa wachuuzi. Nasema hukumu hii ni dhaifu, na waliyoitoa hawakuusikiliza ushahidi.

Ni kweli kuwa Syd Barrett na wenzake walipiga katika klabu ya UFO vipande virefu visivyo na maneno, gitaa likilia bila kufuata njia iliyozoeleka. Lakini mwaka ule ule wa 1967 kijana huyo huyo alitunga “See Emily Play”, wimbo mfupi uliofika nafasi ya 6 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Basi ni lini hasa walipokuwa watawa waliolikana soko? Tena Atom Heart Mother ya mwaka 1970, ambayo upande wake wa kwanza wote ni kipande kimoja cha zaidi ya dakika 20 chenye tarumbeta na kwaya (na kwa maoni yangu kimerefushwa kuliko haja), ilishika nafasi ya kwanza nchini humo kabla ya huo unaoitwa usaliti.

Sasa na tuitazame santuri inayoshutumiwa. Waliipiga jukwaani tangu Januari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuiuza. Ndani yake mna saa nyingi zinazolia kwa pamoja, kila moja ikiwa imerekodiwa peke yake. Mna milio ya sarafu na ya karatasi ichanwayo, ukanda wa tepu ukikatwa na kuungwa kwa mkono hata ukawa mapigo ya wimbo wa “Money”. Na mapigo hayo, katika sehemu kubwa ya wimbo, ni saba, wala si yale manne ambayo miguu ya wachezaji imeyazoea. Hiyo ndiyo bidhaa rahisi?

Kilichobadilika ni maneno. Roger Waters aliyaandika yote mwenyewe, akasema waziwazi juu ya wakati, fedha, wazimu na kifo. Wahakiki hawakumsamehe kueleweka. Ugonjwa huu naujua katika madarasa ya fasihi, ambamo shairi lenye giza hupewa heshima kabla ya kusomwa, na lile la wazi huulizwa linamtumikia nani.

Baada ya mafanikio hayo, wakiwa na fedha za kutosha kurudia lile lile, waliingia studioni kujaribu kutengeneza santuri pasipo ala za muziki, kwa kamba za mpira, chupa na bilauri. Jaribio lilishindwa, mlio wa bilauri ukasalia, nao unasikika katika Wish You Were Here ya mwaka 1975. Mchuuzi gani hupoteza wakati hivyo?

Madhara ya umaarufu yalikuwapo, ila yalitokea katika ukubwa wa viwanja. Tarehe 6 Julai 1977, mjini Montreal, Waters alimtemea mate msikilizaji wake, na katika chukizo alilojionea mwenyewe ndimo ilimozaliwa The Wall ya mwaka 1979. Mwanafunzi atakaye kuandika juu ya kuanguka kwa bendi hii na aanzie uwanjani mle, aiache santuri ya mwaka 1973 izunguke.