Zahanati ya Bati Jipya, Zamu ya Mtu Mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Uyole, Mbeya, bado imejifunika ukungu. Malori ya Zambia na Malawi yameshaanza kupishana kwenye njia panda, wauza viazi wanapanga ndoo zao, makondakta wanaita abiria wa Tukuyu na Kyela. Kwenye Hiace za alfajiri hakosekani muuguzi anayetoka zamu ya usiku: sweta zito juu ya sare, kikapu mkononi, macho mekundu. Abiria humsogezea nafasi akae. Wanajua anakotoka. Usiku wake ulivyokuwa hawaujui, na mjadala wa afya nchini ulipaswa kuanzia hapo.

Chukua leba ya kituo chenye muuguzi mmoja na wajawazito watatu ambao uchungu umeshachanganya. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, inamtaka kila nusu saa asikilize mapigo ya moyo wa mtoto, kisha aweke mkono tumboni mwa mama na kuhesabu mikazo kwa dakika kumi. Dakika kumi kwa kila mama, na mama ni watatu: nusu saa imekwisha. Hajaandika kitu, hajapima presha ya yeyote, na inabidi aanze upya kwa yule wa kwanza. Mmoja akijifungua, anatakiwa kuangaliwa kila robo saa, maana damu ikianza kumwagika mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Na mlangoni bodaboda inaweza kuwa imefika na mtoto mwenye degedege.

Katika hali hiyo patografu hujazwa asubuhi, kwa kukisia. Mkaguzi akiikuta ataandika uzembe. Hesabu ya dakika inasema kwamba mtu mmoja amepewa kazi ya watu watatu.

Serikali yenyewe inalijua hilo, kwa kuwa iliandika. Ikama ya Wizara ya Afya iliyotolewa kwa kipindi cha 2014 hadi 2019 iliitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya 39. Kwa miaka mingi wizara imekiri kwamba upungufu wa watumishi wa afya nchini ni karibu nusu ya wanaohitajika. Kwenye zahanati za vijijini kukuta wawili au watatu, pamoja na mhudumu anayefagia na kushika tochi, si jambo la kushangaza.

Lakini majengo yamejengwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilielekezwa kwenye vituo vya afya 234, na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ukaleta vyumba vya wagonjwa mahututi na idara za dharura. Kazi hiyo lazima itendewe haki. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya wajawazito kuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja. Ule wa 2022 ukakuta 104. Huduma ya usafiri wa dharura ya M-Mama, inayoitwa kwa namba 115, leo inamtoa mzazi kijijini usiku wa manane. Swali ni nani anayempokea anakofikishwa.

Nyanda za Juu Kusini hazina uhaba wa wauguzi waliosoma. Vyuo vipo Tukuyu, Igogwe, Ilembula na Tosamaganga, vingi vikiwa vimeanzishwa na makanisa pembeni ya hospitali za misheni. Kijana anamaliza, anafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, anapata leseni, kisha anakaa kusubiri kibali cha ajira. Mwingine anajitolea kwa nauli tu. Mwingine anauza kwenye duka la dawa. Mwingine amerudi shambani kulima viazi, leseni ikiwa sandukuni. Mwaka 2017 nchi iliona mfano wa wazi wa hali hiyo: Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500, mahakama ya huko ikasimamisha mpango, ndipo Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wameomba waajiriwe nyumbani. Kumbe walikuwapo muda wote. Kilichokosekana kilikuwa fungu la mshahara.

Wananchi wana malalamiko yao, na ni ya kweli. Mama aliyefokewa akiwa na uchungu hasahau, na uchovu wa aliyemfokea haumpunguzii fedheha. Muuguzi mwenye lugha chafu awajibishwe. Lakini ziara za kushtukiza zina mtindo wake: kiongozi anafika na kamera, anamwinua muuguzi mbele ya wagonjwa, anatangaza kumsimamisha, anaondoka. Ni nadra aulize usiku ule walikuwa wangapi zamu. Aliyesimamishwa anaacha pengo, na mwenzake anazibeba zamu zote mbili.

Ukanda wa Uyole una mzigo wa ziada, barabara. Julai 2018, kwenye mteremko wa Igawilo, lori liligonga magari ya abiria na watu wapatao 20 wakafariki. Majeruhi kama hao hawaji kwa ratiba ya zamu.

Lipo jambo dogo ambalo halmashauri inaweza kulianza mwezi huu. Kila zahanati ina ubao wa matangazo. Iandikwe hapo ikama ya wauguzi, waliopo, na walio zamu leo, ili mwananchi ajue amkasirikie nani. Kubwa zaidi ni la Dodoma: jengo lisipewe fedha ya bati kabla mishahara ya watakaofanya kazi ndani yake, na nyumba zao, havijaingia kwenye bajeti ileile.

Haraka ipo. Bunge lilipitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kadi itawatoa nyumbani wenye presha, wenye kisukari, wazee wenye vidonda ambao kwa miaka wameogopa gharama. Ni jambo jema na limechelewa. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja, wote hao wataketi kwenye benchi moja nje ya mlango wa leba, wakimsubiri amalize kuhesabu mikazo.