Kunguni haui, lakini dawa tunayomwagia inaua

Katika parseli nyingi za Katuba, Kenya au Kampemba, nyumba nne au tano zinazunguka uwanja mmoja, na wakaaji wanaazimana chumvi, makala, hata watoto wa kutuma sokoni. Lakini kunguni wakiingia katika nyumba moja, midomo inafungwa. Mama anatoa matela juani na kusema mtoto amekojoa. Jirani, ambaye naye amejikuna usiku kucha, anaitikia tu. Wote wawili wanajua.

Aibu hiyo inatoka katika imani kwamba kunguni ni alama ya uchafu na umaskini. Si kweli. Ufaransa, shirika la serikali linalochunguza usalama wa afya lilitangaza mwaka 2023 kwamba kati ya 2017 na 2022 familia 11 kwa kila 100 zilikuwa zimepatwa na kunguni nyumbani. Mwaka huo huo mbunge mmoja aliingia bungeni Paris na kichupa chenye kunguni, akamwonyesha waziri mkuu. Kunguni hatafuti uchafu, anatafuta damu ya mtu aliyelala. Anaingia ndani ya begi la msafiri, ndani ya kitanda kilichonunuliwa kwa mtu, ndani ya mzigo wa mitumba. Usafi unasaidia kumwona mapema. Haumzuii mlangoni.

Kumtambua si kazi ngumu. Asubuhi ngozi ina vipele vinavyowasha, mara nyingi vimefuatana kama mstari. Kwenye mishono ya matela kuna vitone vyeusi kama vya wino wa kalamu. Chukua taa ya simu, angalia mishono hiyo, viungo vya kitanda, nyufa za ukuta na nyuma ya picha. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, ni bapa, rangi ya kahawia, na akishashiba anavimba na kuwa mwekundu.

Kinachotutia hofu ni kile kinachofuata. Mtu anakwenda sokoni na kununua kichupa kisicho na karatasi yoyote, dawa ya kilimo iliyopimwa kwa kifuniko, ile ile ya kunyunyizia nyanya. Anaimwaga juu ya matela, na usiku huo huo mtoto wa miaka miwili analala hapo. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya shamba, na kwa mtu aliyevaa glavu na kinyago. Nyingi za aina hiyo zinapita kwenye ngozi na kwenye pumzi: mate yanatoka, jasho linatiririka, mboni za macho zinakuwa ndogo, kifua kinabana. Wengine wanatumia petroli katika nyumba ambayo umeme ukikatika watu wanawasha mshumaa. Hapo hakuna haja ya kueleza zaidi.

Na baada ya hatari yote hiyo, kunguni wanabaki. Wale waliosikia harufu wanapita kwenye ufa na kuhamia chumba cha jirani, na mayai yaliyofichwa yanaanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200 katika maisha yake. Kuhama nyumba kwa wiki mbili pia hakusaidii, kwa sababu kunguni anaweza kukaa miezi bila kula.

Kuna kosa jingine, na kwetu ndilo zito zaidi. Watu wanasema chandarua ndicho kinacholeta kunguni, wanakikunja na kukiweka pembeni, au wanakifanya uzio wa bustani. Ni kweli kwamba kunguni wanajificha katika mikunjo yake. Ni kweli pia kwamba dawa iliyo ndani ya chandarua, ambayo zamani iliwaua, sasa wengi wanaivumilia. Watafiti waliofanya kazi Tanzania waliandika hayo tangu 2002. Lakini mpaka leo haijathibitishwa kwamba kunguni anaambukiza mtu ugonjwa, wakati nchi yetu ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Kutupa chandarua kwa sababu ya kunguni ni kumwachia mbu mtoto wako. Kikung'ute nje, kikague, kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, kikauke kivulini.

Vitu vingine dawa yake ni moto. Kwenye nyuzi joto 50 kunguni anakufa pamoja na mayai yake. Chemsha mashuka. Pitisha pasi ya makala kwenye mishono ya nguo. Mwaga maji yanayochemka kwenye mbao na viungo vya kitanda. Jua la Oktoba peke yake halitoshi kwa matela: upande wa juu ukipata moto, wao wanashuka chini penye ubaridi. Kazi hiyo irudiwe kila wiki kwa muda wa mwezi na zaidi, na nyumba zote za parseli ziifanye siku moja.

Reko wanaopita nyumba kwa nyumba kugawa vyandarua waongee pia juu ya kunguni, maana wasiposema wao, muuza kichupa atasema. Meya na wakuu wa masoko wazuie dawa ya shamba kuuzwa bila jina wala maelezo. Na wenye parseli, ambao wanapokea garanti ya miezi mingi kabla ya kutoa ufunguo, wanunue simenti wazibe nyufa, na waache kumfukuza mpangaji aliyethubutu kusema kwamba chumba chake kina kunguni.