Kisanduku Kipazacho Namba

Mwezi Septemba 1982 ndege ndogo ilianguka katika milima ya British Columbia, nchini Kanada, ikiwa na watu 3. Setilaiti ya Kisovieti, iliyorushwa mwezi Juni mwaka ule, ilinasa mlio wa redio yake ya dharura, na wote 3 wakaokolewa. Redio za namna ile zililia tu; hazikusema ni za nani. Basi yuko atakayeuliza: ikiwa watu wale walipona bila namba, usajili ni wa nini?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika vilio vya bure. Redio ya dharura hujiwasha yenyewe kwa kishindo. Ndege ikitua kwa nguvu, italia. Fundi akiigusa vibaya, italia. Hata iliyotupwa jalalani pamoja na betri yake yaweza kulia. Ishara nyingi zipokewazo ni za aina hiyo, na kila moja yaweza kuwatoa waokoaji kwenda kutafuta ndege iliyolala salama bandani.

Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena redio zile za megahezi 121.5. Za sasa hutumia megahezi 406. Kila baada ya sekunde 50 hivi hupeleka ujumbe wa muda wa nusu sekunde, wenye namba ya pekee ya alama 15. Kila alama huchaguliwa kati ya 16, yaani 0 hadi 9 na A hadi F. Mwanafunzi na akadirie mwenyewe wingi wa namba zipatikanazo. Ndani yake imefichwa na alama ya nchi: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania.

Lakini namba si jina. Jina limo katika daftari la usajili, pamoja na aina na rangi ya ndege na simu za jamaa. Mwokoaji hupiga simu kwanza. Akijibiwa, “Ndege iko hapa bandani,” kazi imekwisha. Akijibiwa, “Aliondoka alfajiri na abiria wanne, akielekea milimani,” msako huanza ukijua unamtafuta nani.

Nchini Marekani usajili huu hautozwi ada, nao huthibitishwa upya kila baada ya miaka 2. Hata hivyo ndege huuzwa, na daftari likabaki na jina la mwenye zamani. Simu hulia kwa mtu asiyejua lolote, huku saa za majeruhi zikipita. Kwa maoni yangu, mkaguzi atazamaye betri ya redio hiyo asitie sahihi yake kabla ya kuonyeshwa hati ya usajili yenye jina la mwenye ndege wa leo.