Kanisa lisilo na lengo moja hupangiwa kazi na mgeni wa heshima

SUGOI ni jina ambalo Wakenya wengi walilifahamu kupitia siasa. Kijiji hicho cha eneo bunge la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, ndiko nyumbani kwa Rais William Ruto, na wajumbe kutoka pembe mbalimbali za nchi wamefika huko mara nyingi kutafuta baraka za kisiasa. Lakini Sugoi ni kijiji cha wakulima pia, watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, ambao Jumapili huvaa nguo zao safi na kwenda kanisani kama wenzao kote nchini. Na ni katika makanisa ya vijiji vya aina hii, kuliko katika kumbi za mikutano ya maaskofu, ambako swali zito linajitokeza bayana: ni nani anayeamua kazi ya kanisa?

Swali hili lina uzito sasa kwa sababu makanisa mengi yanazungumzia haja ya kujipanga upya. Idara zinaunganishwa, watumishi wanahamishwa, mipango mikakati inaandikwa, na kila mahali inasikika kauli kwamba waumini wote washike lengo moja. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kubadilisha maandishi kwenye milango ya ofisi si kubadilisha kazi inayofanyika ndani yake.

Tazama kanisa la kawaida la mashambani. Akina mama wana mfuko wao na vijana wana wao. Kwaya inataka sare na vyombo, kamati ya ujenzi inataka mabati, nayo shule iliyo chini ya kanisa inataka bweni. Kila idara ina harambee yake, na kila harambee ina mgeni wa heshima. Mchungaji, ambaye aghalabu huhudumia zaidi ya kanisa moja kwa ujira mdogo, hugeuka kuwa mratibu wa ziara za wageni. Mwaka unapokwisha, kanisa lina kinanda kipya na ahadi ya basi, ilhali mjane anayeishi hatua chache kutoka madhabahuni hajatembelewa na yeyote. Hakuna aliyeamua mjane huyo asahauliwe. Ni kwamba hakuna idara iliyokabidhiwa jukumu lake, wala hakuna mgeni anayealikwa kuja kumchangia.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kanisa lisilojua lengo lake halikai bila lengo; hupewa lengo na mwenye fedha.

Viongozi waliotangulia walilielewa jambo hili mapema. Mnamo 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian alizua mjadala mkubwa alipopendekeza kwamba utumaji wa wamishonari na fedha za kigeni usitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajitambue. Mwaka uo huo, Africa Inland Mission ilikabidhi kazi na mali yake kwa kanisa la Waafrika, AIC. Nao maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia mikutano ya AMECEA ya 1973 na 1976, waliamua kwamba msingi wa kanisa uwe jumuiya ndogondogo za majirani. Katika jumuiya hizo, mgonjwa hujulikana kwa jina na jirani aliyefiwa hapiti siku bila kupewa pole. Maamuzi hayo yote yalihusu watumishi na bajeti, lakini kiini chake kilikuwa mamlaka: kazi ya kanisa ipangwe na wanaoiishi.

Watu wa Uasin Gishu wana mfano wa karibu zaidi. Mnamo Januari 1, 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, waliteketezwa humo, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Wakati huo maelfu ya wengine walikuwa wamepata hifadhi katika Kanisa Kuu la Sacred Heart mjini Eldoret, chini ya Askofu Cornelius Korir.

Chakula na blanketi vilipogawanywa, Korir hakuona kwamba kazi imekwisha. Alianza na mikutano midogo, kila jamii peke yake kwanza, ili watu waseme machungu yao bila woga. Baadaye wazee wachache wa pande mbili wakakutana, kisha jamii nzima. Msaada nao ukafuata njia hiyo: barabara au shule ikakarabatiwa na mikono ya pande zote mbili. Mbinu hiyo ilielezwa katika kitabu Amani Mashinani, kilichotolewa mnamo 2009. Askofu huyo alifariki Oktoba 2017, lakini funzo lake limebaki. Lengo lilikuwa moja, na hata saruji ikawekwa chini yake.

Makanisa yamejaribu pia kuzuia mkono wa wanasiasa. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu katika ibada ya kumtawaza Askofu Rose Okeno kule Butere. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza Rais arudishiwe Sh2.6 milioni alizochangia kanisa la Soweto, mtaani Kahawa West, na kukataa ahadi nyingine zilizotolewa siku hiyo, likiwemo basi.

Kuna wanaopinga msimamo huo, na hoja yao haifai kupuuzwa. Harambee ni desturi ya Wakenya, mkono mtupu haulambwi, na Rais ni muumini mwenye haki ya kutoa sadaka kama muumini yeyote. Paa linalovuja halizibwi kwa hotuba za maaskofu. Mzee wa kanisa kijijini akiuliza matofali yatatoka wapi, anastahili jibu.

Jibu ni kwamba kurudisha hundi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kanisa kuamua kwanza linalotaka kufanya, kisha kupima kila mtumishi na kila shilingi kwa uamuzi huo. Mifuko ya idara iwekwe chini ya bajeti moja inayosomwa mbele ya waumini wote. Katekista au mwinjilisti anayezunguka kwa miguu alipwe kabla ya kununua vipaza sauti. Mradi usioweza kuelezwa kwa lengo hilo usubiri, hata kama mfadhili amekwisha kupatikana. Hapo mwanasiasa anaweza kutoa sadaka yake kama wengine, kimyakimya, iingie katika kapu lililo na mpango tayari.

Kujipanga huko kutaumiza. Kuna wenyeviti wa kamati watakaopoteza vyeo, na kuna majengo yatakayokaa miaka bila kukamilika. Lakini kupanga ni kuchagua, na asiyechagua huchaguliwa.

Kipimo, basi, hakitakuwa ukurasa wa kwanza wa mpango mkakati uliozinduliwa hotelini. Kitakuwa Sugoi na vijiji vingine kama hicho, Jumapili ambayo hakuna msafara wa magari uliotarajiwa. Iwapo siku hiyo mjane atabishiwa hodi, kanisa litakuwa limejipanga.